Mmeuziwa Kelele, Mkaambiwa ni Nguvu

Wasee wa pikapu, leo ni zamu yenu. Najua nusu yenu mtaacha kunifuata kabla mfike katikati, na sawa tu, lakini someni kwanza ndio mkikasirika mkasirikie kitu mnachokijua.

Hapa Majengo, Nyeri, siku hizi hauhitaji kengele ya simu. Saa kumi usiku pikapu ya kwanza inawashwa kwenda kubeba kabeji Kieni, na kabla dereva apate gia ya pili mtaa mzima ushaamka: watoto, wagonjwa, na watu wa zamu ya usiku waliolala saa nane. Ukimuuliza mwenye gari mbona imekuwa hivyo, anakujibu kwa fahari kabisa: "Nimeifungua. Sai inapumua." Ukimuuliza imeongeza nini, anakuambia nguvu. Ukimuuliza nguvu kiasi gani na amepimaje, anakuangalia kama umemtusi mama yake.

Hoja yangu ni hii. Kwa pikapu ya kazi, katika huu mlima wetu, kukata sailensa na kutupa ea klina hakukupi nguvu uliyoahidiwa. Unalipa pesa kupata sauti, halafu unaendelea kulipa polepole kwa injini. Na wengi wa wanaokuuzia hiyo kazi wanajua.

Wacha tuanze na hewa, juu kila mtu anaongea kuhusu "kupumua" na hakuna anayesema gari inapumua nini.

Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ukichukua ndoo ya hewa hapa, ndani yake kuna oksijeni pungufu, karibu sehemu moja kati ya sita haipo. Sasa chukua Hilux ya zamani, ile ya injini ya 3L au 5L ambayo haina tabo. Kama huko pwani inatoa farasi 90, ikifika hapa imebaki na kama 75 hivi. Si mbovu, na hakuna mtu ameiroga. Imepanda mlima tu, kama vile wewe unavyohema ukikimbia Naro Moru baada ya mwezi mzima Mombasa.

Hakuna bomba duniani linaloongeza oksijeni kwenye hewa ya Nyeri. Hii ndiyo sentensi ningeomba ichapishwe kwenye ukuta wa kila gereji kutoka Karatina hadi Meru. Bomba pana linapunguza kizuizi cha moshi kutoka, na filta ya wazi inapunguza kizuizi cha hewa kuingia. Lakini kama kizuizi chenyewe kilikuwa kidogo, umeondoa kitu kidogo. Waliotengeneza hiyo gari walijua itabeba tani moja. Hawakuiziba pua.

Halafu dizeli ina tabia yake. Kwenye injini ya dizeli nguvu inatokana na mafuta unayochoma, na hewa lazima itoshe kuyachoma. Lita moja ya dizeli inataka zaidi ya lita 10,000 za hewa ili iungue vizuri. Ukifungua bomba bila kugusa mafuta, injini inapata hewa kidogo zaidi na mafuta yale yale, kwa hivyo nguvu inabaki karibu pale pale. Fundi analijua hilo. Ndiyo maana baada ya kukata bomba na wewe kurudi ukilalamika kwamba husikii tofauti, anakwambia, "Sasa tuongeze pampu kidogo." Anafungua skrubu, mafuta yanaongezeka, na gari kweli inaruka. Unafurahi. Nyuma yako kuna wingu jeusi kama la kuchoma matairi.

Lile wingu jeusi ni dizeli uliyonunua wewe, ikatoka bila kuungua vizuri kwa sababu hewa haikutosha. Huku juu ni rahisi zaidi kutoka, juu hewa ni haba tangu mwanzo. Moto ndani ya silinda unapanda kupita kiwango, vichwa vya pistoni vinaanza kuungua, na kama kuna tabo inapokea moshi wenye joto ambalo haikuumbiwa. Kwa hivyo ukiona pikapu inapanda kilima cha Mukurwe-ini ikitoa moshi mweusi na dereva amelegea na kiwiko dirishani, usiseme "hiyo ni mashine." Sema pole.

Wenye tabo tulieni, nawafikia. Nitawapa haki yenu kwanza: kwenye injini ya tabo, bomba pana baada ya tabo lina faida ya kweli. Tabo inazungushwa na moshi, na kadiri njia ya nyuma yake inavyokuwa wazi ndivyo inavyoamka mapema. Hilo si uongo. Yule anayekwambia "injini lazima ipate mgandamizo wa nyuma ndio iwe na nguvu" naye anakosea. Hakuna injini inayopenda kusukumiwa moshi wake mwenyewe. Kinachotakikana kwenye injini isiyo na tabo ni moshi utoke kwa kasi, na bomba likiwa pana kupita kiasi ile kasi inalegea, na unapoteza nguvu ya chini. Nguvu ya chini ndiyo inayokutoa kwenye shimo na mzigo. Wewe na kabeji zako hamna kazi na farasi wanaokuja injini ikipiga kelele kwa mizunguko 4,000. Unataka gari iondoke kwa gia ya kwanza kwenye matope ya Endarasha bila kuunguza klachi.

Lakini hata na tabo, gari za kisasa zina kompyuta, na kompyuta imeambiwa tabo isukume kiasi fulani tu. Ukibadilisha bomba, kompyuta inarudisha msukumo pale pale. Bila kuibadilisha hiyo programu, na kubadilisha kwa mtu anayejua, faida yako ni ndogo sana. Kelele ndiyo inaongezeka bila ruhusa ya kompyuta.

Na hapo ndipo akili inadanganywa. Sikio la binadamu linapima mwendo kwa sauti. Gari ikinguruma unahisi iko mbio, hata kama mshale uko pale pale. Nimekaa kwenye pikapu mbili za aina moja, moja imekatwa na moja iko kama ilivyotoka kiwandani, na ningeapa ile ya kelele inavuta zaidi. Tulipoweka saa, kutoka kilomita 40 hadi 70 kwa saa, gia ya tatu, hazikuachana kitu cha kuhesabika. Debe tupu na debe lenye maji, wahenga walishamaliza hiyo mada.

Sasa tuje kwa upande wa kuingiza hewa, na hapa nitakaa kidogo, juu hapa ndipo watu wanaumia kweli.

Lile boksi jeusi mnaloliita "plastiki ya kuziba hewa" lina kazi tatu. Linavuta hewa kutoka pembeni, nyuma ya mdgadi, ambako ni baridi. Linaipitisha kwenye filta ya karatasi yenye mikunjo mingi. Na linatuliza mchanga mzito uanguke chini kabla ya kufika kwa filta. Fundi analing'oa, analitupa kwenye kona, anakufungia filta ya koni, ile ya kung'aa, katikati ya chumba cha injini. Unafungua boneti unaona inavutia. Unapiga picha.

Hiyo koni inavuta hewa ya wapi? Ya pale pale ndani, karibu na radieta, karibu na bomba la moto. Ukipanda kilima polepole na mzigo, hewa ya chini ya boneti inaweza kufika digrii 60 wakati nje ni 20. Hewa ya moto ni nyepesi. Tofauti hiyo ya digrii 40 inakula kama asilimia 12 ya hewa yako. Yaani mlima ushakunyang'anya sehemu moja kati ya sita, na wewe umelipa mtu akunyang'anye zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wa tabo waliweka kile kipoza hewa kinachoitwa intakula (jina lenyewe limeshawaonya kuhusu pesa zenu). Kampuni zilitumia akili nyingi kupoza hewa, wewe unaipasha.

Halafu kuna vumbi. Mtu asiniambie kuhusu video za Japani na koni zinazong'aa. Barabara za Japani zina lami. Wewe unaenda Kieni, mwezi wa pili, kiangazi, barabara ya mwituni, nyuma ya lori la mchanga. Injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 3,600 kwa dakika inameza kama lita 4,500 za hewa kila dakika. Fikiria hilo vumbi lote unalolifuta kwenye dashibodi jioni, kisha jiulize injini imekula kiasi gani. Vumbi la barabara si unga wa ngano. Ndani yake kuna chembe za mawe, ngumu kuliko chuma cha ringi zako za pistoni. Zikipita filta zinafanya kazi ya msasa: zinasugua ukuta wa silinda, zinakula makali ya visu vya tabo, zinaingia kwenye oili na kuanza safari ya kutembelea kila beringi.

Wanaoijua kazi ya vumbi walishafanya uamuzi wao zamani. Magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990 yalifungwa snokeli, lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa, ili injini ivute hewa safi ya juu na isinywe maji ya mto. Watu waliokuwa na pesa za kiwanda nyuma yao, wanaotafuta kila sekunde, walilipa gharama ya kurefusha njia ya hewa ili tu wapate hewa safi. Na tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, kila anayeenda Naivasha anarudi akiongea kuhusu lile vumbi laini kama poda. Hao ni madereva wenye injini ya kubadilishwa. Wewe injini yako ni moja, na bado unailipia.

Nina jirani. Sitamtaja, na gereji sitaitaja. Alinunua Hilux D-4D ya mtumba, pesa nusu ni ya mama yake na nusu ni mkopo wa chama. Kazi yake ni viazi na kabeji, Mweiga hadi Karatina, siku nyingine Nairobi. Alipelekwa gereji na rafiki, wakamfungia "paketi": koni, bomba nyoofu kutoka mbele hadi nyuma, sailensa nje. Alilipa 25,000. Miezi minane baadaye gari ilianza kunywa oili. Kisha filimbi ya tabo ikabadilika, ikawa kama mtu anayelia. Walipoifungua, visu vya upande wa hewa vilikuwa vimelika hadi vinaonekana kama vimetafunwa na panya, na ukipangusa ndani ya hosi kidole kinatoka na vumbi. Bei ya tabo na kufungua injini sitaandika hapa, kwa heshima yake. Nitasema tu kwamba gari sasa imeegeshwa, na mama yake yuko kwa chama kila Jumapili akiomba aongezewe mwezi.

Nilipomuuliza yule fundi, na nilienda kumuuliza mwenyewe, alinijibu hivi: "Mteja alitaka sauti. Mimi nilimpa sauti." Hilo jibu limenikaa kichwani. Juu kijana aliyeingia kwa gereji yake hakusema anataka sauti. Alisema gari inachoka ikiwa na mzigo. Yeye alileta tatizo, na fundi akamuuzia bidhaa.

Na kuna jambo lingine ambalo watu wa hii biashara hawapendi lisemwe kwa sauti. Ile gari ilikuja nchini na katalitiki yake, lile sega la kusafisha moshi linalokaa kwenye bomba. Ndani ya hilo sega kuna madini ya thamani, platinamu na paladiamu, na kwenye gari nyingi za petroli kuna pia rodiamu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanayajua vizuri sana. Wewe unaambiwa, "Hii ni takataka, inaziba gari, wacha nikutolee." Unalipa kazi ya kutoa. Unaondoka. Takataka yako inabaki kwa kona ya gereji, na kabla jua lizame ishapata mnunuzi. Umelipa mtu akuuzie mali yako bila wewe kujua. Angalau mwizi wa kawaida hakutozi pesa ya kazi.

Kwa hivyo ukiwa umeshaamua na haushikiki, fanya kitu kimoja: ondoka na vipande vyako. Kila kipande kilichokatwa, boksi la ea klina, sailensa, katalitiki, kiweke nyuma ya pikapu uende nacho nyumbani. Angalia uso wa fundi ukimwambia hivyo. Bei ya kazi inaweza kubadilika hapo hapo.

Nitasema na kuhusu sisi wa kamera, juu sisi ndio tunaowapeleka huko. Mwaka huu nimepewa ofa mbili za kufungiwa bomba bure, sharti ni video moja ya dakika mbili nikisema "tofauti ni ya ajabu." Nilikataa zote mbili. Sijisifu. Nasema ili mjue bei ya yale maneno mnayosikia kwa video zingine. Anayekwambia gari yake imeongeza farasi 30 kwa bomba na koni, muulize karatasi ya kipimo iko wapi. Kuna mashine za kupima nguvu kwenye magurudumu. Hajapima. Amefungiwa bure, amelipwa mafuta, na anaongea.

Najua mtanijibu, "Mbona Wamarekani wanafanya na zinavuta?" Ni kweli, wanafanya sana. Shirika lao la mazingira, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kusafisha moshi katika takriban muongo mmoja. Lakini angalia ni gari gani. Ni malori ya nyumbani yenye injini za lita 6.7, yamejaa vichujio vya masizi na mitambo ya kurudisha moshi, na ukiyatoa hayo yote na kuandika upya programu ya kompyuta, ndiyo, unapata kitu. Wewe una lita 2.5 na sailensa moja. Huna cha kuondoa. Na wale wenyewe wanatozwa faini kubwa, karakana kwa karakana, juu kuondoa hivyo vifaa ni kuvunja sheria ya hewa safi ya kwao.

Kwetu sheria pia iko. NEMA wana kanuni za kelele za mwaka 2009 na za ubora wa hewa za mwaka 2014, na gari ya biashara inapaswa kwenda ukaguzi. Lakini sitapoteza muda hapa. Sote tunajua kuna watu hurudisha sailensa ya zamani siku ya ukaguzi, wanapita, na jioni wanaitoa tena.

Kitu ninachotaka mfikirie si askari, ni nani yuko nyuma ya bomba lako. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, lilitangaza Juni 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Hawakusema "huenda." Waliuweka kundi moja na tumbaku. Sasa tazama stendi asubuhi: mama wa uji, mwenye kibanda cha nguo, watu wa boda wamekaa kwa mstari, na pikapu yako imewashwa dakika kumi "ipate moto" bomba likiwaelekea. Na wale ambao fundi amewakatia bomba litoke pembeni, chini ya bodi, ili sauti iwe "tamu": nyuma ya hiyo gari mnabeba watu kwenda mazishi Tetu na Othaya. Wazee wamekaa humo, shosho amefunika kichwa na leso, na moshi unapanda kwa ukuta wa bodi moja kwa moja hadi kwao. Wanashuka wakiumwa na kichwa, wanadhani ni huzuni.

Basi pikapu yako kweli imechoka na mzigo. Hilo silipingi. Ufanye nini?

Anza na vitu vya bei ndogo ambavyo havipigiwi picha. Filta ya hewa nunua mpya, na uache kuipuliza na kompresa pale petroli stesheni. Ule upepo unatoboa karatasi matundu usiyoyaona, na kuanzia hapo unabeba filta ya maonyesho. Angalia hosi kutoka kwa boksi hadi kwa tabo, na kutoka kwa tabo hadi kwa intakula. Hosi iliyopasuka inapoteza msukumo, na gari inakuwa nzito na kutoa moshi. Nimeona watu wakifungiwa paketi nzima wakati tatizo lilikuwa klipu imelegea. Filta ya dizeli. Injekta zipimwe kwa mashine, si kwa sikio. Breki zinazoshika, hasa magurudumu ya nyuma: ukiegesha, gusa rimu, ikiwa moto kuliko zingine basi gari yako imekuwa ikivuta na breki ya mtu. Matairi uliyoongeza ukubwa yafanane na ya jamaa wa Nanyuki yameirefusha gia yako, na umelaumu injini bure. Valvu zipangwe. Sailensa yenyewe ikague: zile sahani za ndani zikiachana zinaziba njia, na hapo ndipo kubadilisha bomba kuna maana, kwa jingine la kipimo kile kile.

Ukishamaliza yote hayo na bado unataka zaidi, na pesa iko, na gari ina tabo, nenda kwa utaratibu. Bomba la inchi mbili na nusu, lenye sailensa nzuri ya kupitisha moshi moja kwa moja, likitoka nyuma kabisa ya bodi. Boksi la ea klina libaki, weka snokeli yenye kichwa cha kuzungusha vumbi. Programu iandikwe na mtu ambaye atakuonyesha kipimo cha kabla na cha baada, kwa karatasi. Na wakati wa kuchomelea, waya wa betri utolewe, juu umeme wa welda umeua kompyuta nyingi za gari kimya kimya. Itakugharimu zaidi ya 25,000. Itakuwa haina kelele, kwa hivyo hakuna mtu atageuka kukuangalia pale Chaka.

Wengine mtaniambia watu wa miraa wanakimbiza Hilux kutoka Maua hadi Nairobi na hakuna anayewashinda. Watu wa miraa wanawahi kwa sababu mzigo wao unakufa kwa saa, hivyo mguu wao haupumziki na wanapita pale wewe ungengoja. Ile ni roho ya dereva, na makaburi kando ya barabara ya Embu yanaijua bei yake. Usinunue koni ukitafuta roho ya mtu.

Na kwa mafundi: siwachukii. Nimekulia katikati yenu, na wapo kati yenu wanaoweza kusikiliza dizeli wakakwambia silinda gani inakosa. Ndiyo maana inaniuma kuona kipaji kama hicho kikitumika kukata mabomba. Mteja akija akisema gari inachoka, mfungulieni boneti kabla ya kufungua katalogi.

Nimewaambia wenye gereji watatu hapa mjini jambo moja, na nalirudia mbele ya wote. Lete pikapu yako iliyofunguliwa. Mimi naleta nyingine ya mwaka huo huo, injini hiyo hiyo, sailensa yake, boksi lake, filta mpya, injekta zimepimwa. Kila moja nusu tani ya kabeji, ipimwe kwa mizani. Tunapanda kutoka Sagana hadi Karatina, mwendo wa halali, gia moja, mtu wa tatu ashike saa, na tupime mafuta yaliyotumika. Nitarekodi mwanzo hadi mwisho bila kukata.

Wawili walicheka. Mmoja alisema atanipigia simu, na hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Jumamosi yoyote, saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara ijae. Kabeji nitanunua mimi.